Mkono Kwenye Picha ya Kwamboka

Kabla sijasema neno, naweni mikono. Si kwa ajili ya chakula. Ni kwa sababu kila nikiwaletea mikebe yangu ya filamu mnakuja na vidole vyenye mafuta ya mandazi, mnashika filamu katikati kama mnashika chapati. Filamu hushikwa pembeni, kwa ncha za kucha, kama unavyomtoa kupe kwa ndama. Ukiweka kidole katikati umemwachia marehemu alama usoni, na yeye hawezi kuja kukuuliza alikukosea nini.

Haya. Sasa tunaweza kuongea.

Mimi ni Yunuke Bosibori. Wengine wenu ni wajukuu wangu, wengine mnaniita tu Mama Picha hapa sokoni Ekerenyo, na nyote nawapokea. Shule niliishia darasa la tatu. Mkikuta neno limepinda, mlaumuni Moraa, mjukuu wangu, yeye ndiye ana digirii na ndiye aliyesema atalinyoosha. Kazi ya studio nimeifanya miaka zaidi ya thelathini, na nimewapiga picha watu wa hapa kutoka wakiwa wananyonya mpaka wakiwa ndani ya sanduku. Leo nataka niwaambie habari ya mkono mmoja. Mkono huo ulikuwa na mwenyewe, mama wa mtu, na mimi ndiye niliyemkata huyo mama kwenye picha. Baadaye ikabidi nimtafute.

Nianze na siku tuliyotundika picha sokoni, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Moraa alikuwa amenisumbua mwaka mzima. Anasema, nyanya, hii mikebe chini ya kitanda chako ndiyo historia ya Ekerenyo, hakuna mahali pengine imeandikwa. Mimi nikamwambia historia gani, hiyo ni mikebe ya mafuta ya kupikia. Lakini moyoni nilifurahi. Basi akatengeneza picha mia moja na kitu, tukafunga kamba ya katani chini ya banda la soko siku ya soko, tukazitundika kwa vibanio vya nguo. Picha ya duka la kwanza la bati. Picha ya kinu cha kusaga mahindi siku kilipofika juu ya lori, na wanaume wamekipanda kama wamekiua wao. Kwaya ya akina mama. Timu ya mpira yenye viatu vitatu kwa watu kumi na mmoja. Chini ya kila picha tukafunga kalamu, anayemjua mtu aandike jina.

Ndizi hazikuuzwa siku hiyo. Watu waliacha mali chini wakaja kutafuta watu wao.

Halafu vita vikaanza. Familia tatu zilikuwa zimesimama mbele ya picha tatu, kila moja ikisema lile koti la kijivu lilikuwa la babu yao. Wa kwanza akasema babu yake alipewa hilo koti na mkubwa wake wa kazi. Wa pili akasema babu yake alizikwa nalo. Wa tatu, mwalimu mzima wa shule, akasema ukoo wao uko tayari kulinunua kama lipo. Nikawaacha wapige kelele kidogo kwa sababu nilikuwa nakunywa uji, kisha nikawaambia, nyamazeni, hilo koti lilikuwa la studio. Kifungo cha tatu nilikishona mimi kwa uzi wa gunia, angalieni. Wakaangalia. Kifungo cha tatu kwenye picha zote kilikuwa kimelala upande mmoja kama mlevi.

Msicheke sana, na mababu zenu wamo. Siku hizo mtu hakuwa na nguo ya picha. Studio ndiyo ilikuwa na koti moja, tai moja, gauni moja la maua na mkoba mmoja wa kike ambao ndani yake tulijaza magazeti ili unenepe. Viatu vilikuwa namba tisa. Mwenye mguu mdogo aliviburura mpaka mbele ya kamera, akasimama, na kutoka hapo alionekana bwana. Nusu ya Ekerenyo imevaa koti moja.

Mwenye studio na mwalimu wangu alikuwa Mzee Nyakundi, aliyejifunza kazi hiyo kwa Mhindi mmoja Kisumu. Mimi aliniajiri kufagia na kuchota maji ya kuoshea picha. Baadaye akaona mikono yangu haitetemeki akaniingiza chumba cha giza. Stima haikuwepo. Tulikuwa na taa ya karabai ndani ya boksi, na taa nyingine ndogo yenye kioo chekundu. Unalaza negativu, yaani ile filamu yenye sura za watu, juu ya karatasi ya picha, unafungua boksi, mwanga unapita, unafunga. Ukichelewa kufunga, picha inakuwa nyeusi. Saa hatukuwa nayo humo ndani, kwa hivyo Mzee Nyakundi alinifundisha kuhesabu kwa Baba Yetu. Ukifika kwenye mkate wetu wa kila siku, funga.

Sasa, yeye alikuwa Mkatoliki. Baba Yetu yake ilikwenda kama mtu anayekimbia mvua. Mimi ni Msabato, na nilifundishwa kuomba polepole, kila neno nikilielewa. Wiki nzima picha zangu zilitoka nyeusi kama chungu. Bwana harusi mmoja aliuliza kama tulimpiga ndani ya shimo. Mzee Nyakundi akakagua dawa, akakagua karatasi, akakagua taa, mwisho akaingia na mimi gizani akanisikiliza. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Yunuke, Mungu anakusikia vizuri, lakini karatasi inaungua." Tukakubaliana mimi nifunge kwenye jina lako litukuzwe.

Turudi sokoni. Baada ya vita vya koti, alikuja mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, amejifunga leso. Akasalimia kwa adabu, akaniita omong'ina, kama tunavyowaita akina mama wazee, akatoa kitambaa kifuani. Ndani ya kitambaa kulikuwa na picha ndogo, imechakaa kingo zote.

Alisema jina lake ni Kwamboka. Mtoto kwenye picha ni yeye. Mama yake, Kerubo, alikufa yeye akiwa hajaanza kutembea, na hakuna picha yake hata moja duniani. Nyumba ya baba iliungua. Shangazi aliyemjua mama yake amekufa pia. Yeye Kwamboka amemzaa msichana, amempa jina la mama yake kama desturi yetu, na huyo msichana kila siku anamuuliza, huyu ninayebeba jina lake alikuwa anafanana vipi?

Halafu akanionyesha kwa kidole. Mtoto amekaa, mnene, macho wazi. Na kiunoni mwa mtoto kuna mkono. Mkono tu, vidole vitano na kipande cha kifundo, unatoka pembeni ya picha bila mtu.

Akaniuliza, "Omong'ina, huu mkono ni wa nani?"

Watoto wangu, niliweka kikombe cha uji chini. Nilikuwa naujua huo mkono. Mimi ndiye niliyeutenganisha na mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kerubo alikuja studio akitoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni, matope mpaka magotini, mtoto kifuani. Mume wake alikuwa kazini Mombasa na alikuwa hajamwona mtoto. Alitaka amtumie picha. Gauni la maua siku hiyo lilikuwa limekwenda na bibi harusi mmoja ambaye alikuwa hajalirudisha. Kwa hivyo Kerubo akasema apigwe mtoto peke yake. Lakini mtoto wa miezi sita hakai peke yake kwenye kiti, anaanguka kama gunia la viazi. Mzee Nyakundi akamwambia amshike. Akamshika. Akaniangalia mimi akasema, "Dada, unikate. Sitaki bwana anione na matope. Siku ya bonasi ya chai nitakuja nimevaa vizuri, unipige peke yangu."

Nikamkata. Hatukukata kwa makasi, mnielewe. Unachukua karatasi nyeusi, unaikata dirisha dogo, unaiweka juu ya negativu, na mwanga unapita dirishani tu. Niliikata hiyo karatasi vizuri sana, nikajisifu. Mkono peke yake ndio uliobaki, kwa sababu ulikuwa umemshika mtoto. Ningeukata, ningemkata mtoto tumbo.

Bonasi ilifika. Kerubo hakuja. Tulisikia homa ilimchukua kwa siku nne.

Nilimwambia Kwamboka yote hayo pale pale, mbele ya watu, kwa sababu mimi sijui kuficha. Nikafikiri atanitukana. Akauliza kitu kimoja tu. Kama mwanga haukupita kwenye karatasi nyeusi, je, yule mama bado yuko kwenye ile negativu?

Mnaona? Hakuwahi kuingia chumba cha giza maisha yake yote na aliielewa kazi kuliko nyinyi. Nikamwambia ndiyo, yuko mzima, kama mkebe haujamla.

Hapo sasa nieleze mikebe, kwa sababu watu husema Mama Picha alikuwa na akili ya kuhifadhi. Uongo. Mzee Nyakundi alikuwa anachoma negativu kila mwisho wa mwaka. Mimi nilizionea huruma. Nilikuwa nikitazama sura za watu nageuza upande huu na ule, nikaona ni kama kuchoma kijiji. Nikawa nabeba kwa siri nyumbani kwenye mikebe. Majina sikuyaandika, kuandika kulinichosha. Nilichora. Mkebe wa wimbi, mkebe wa mahindi mabichi, mkebe wa mvua kubwa, kulingana na shamba lilivyokuwa. Mwaka sikuweka. Mikebe kumi na mmoja, na kila mkebe una watu mia tatu hivi. Kumtafuta Kerubo humo ilikuwa kutafuta chawa kwenye blanketi la kondoo.

Kilichotuokoa ni ujinga wa mchoraji.

Nyuma ya kiti cha studio kulikuwa na pazia lililochorwa. Mzee Nyakundi alitaka pwani, kwa sababu studio za Kisumu zilikuwa na pwani. Akamwita fundi mmoja wa kuchonga mawe kutoka Tabaka, ati mkono unaojua kuchonga twiga utajua kuchora bahari. Yule fundi alikuwa hajaona bahari hata kwenye kalenda. Akachora mji wa pwani: nyumba nyeupe, mawimbi yamepangwa safu safu kama shamba la chai, na ufukweni, badala ya minazi, akaweka alichokijua. Migomba. Yenye mikungu. Watu wa hapa walisimama mbele yake kwa fahari, hakuna aliyeona kosa. Walisema wamekwenda Mombasa.

Aliyeona ni mume wa Kerubo. Alijibu barua, akashukuru kwa mtoto, akasema analia kwa furaha, halafu chini akaandika kwamba Kerubo awaulize watu wa studio ni Mombasa gani wanauza ndizi baharini. Barua hiyo ililetwa studio ikasomwa kwa sauti. Mzee Nyakundi aliona aibu. Wiki hiyo hiyo akamrudisha fundi, migomba ikageuzwa minazi, ingawa ile mikungu ilibaki inaning'inia mpaka pazia lilipooza.

Sasa tazama picha ya Kwamboka. Nyuma ya kichwa cha mtoto kuna jani pana limepasuka. Mgomba. Maana yake ni wakati wa migomba, kabla barua ya baba yake haijaleta minazi. Pazia la migomba lilikaa misimu miwili tu. Mikebe miwili, wa mahindi mabichi na wa mvua kubwa. Moraa alirukaruka kama mbuzi.

Tulipofungua, akaacha kuruka.

Mkebe wa mahindi mabichi ulikuwa mzima, na Kerubo hakuwamo. Mkebe wa mvua kubwa ulikuwa umeshikana kama ugali wa jana. Na hilo kosa ni langu pia, andikeni hiyo. Huku kwetu unyevu haulali. Negativu zikipata unyevu zinagandana. Niliona wachongaji wa Tabaka wana ule unga wa mawe, laini kuliko poda ya mtoto, nikasema, mbona nisizipake hizo filamu zisishikane? Nikaomba kopo, nikanyunyiza kama chumvi. Nilijiona daktari. Kumbe ule unga una vichanga ndani, ukisugua vinakwaruza. Nusu ya watu wa mkebe huo wanaonekana wamesimama kwenye mvua.

Moraa alitaka kuingiza kisu cha siagi azibandue. Nikampiga mkono. Nikamwambia, huyo ni mama wa mtu.

Sikilizeni hapa, kwa sababu siku moja mtakuta filamu za babu kwenye dari zimegandana, na mimi sitakuwepo. Usivute. Chukua maji ya mvua, yaliyotulia, si ya bomba na si ya mtoni. Tone moja la sabuni ya vyombo. Laza fungu lote ndani ya karai na uliache. Ukiona haraka inakushika, nenda ukapalilie. Maji yenyewe yataingia katikati, filamu itaachia pole pole kama mtoto anayeachia titi usingizini. Ikikataa, iache. Ukilazimisha, ngozi ya picha inatoka, unabaki na plastiki.

Tulilaza fungu kwa fungu siku kadhaa, na fungu la mwisho, la filamu saba, tukalilaza asubuhi. Kwamboka alikuja na binti yake Kerubo, msichana wa kidato cha tatu. Wakaketi uani kwangu wakimenya ndizi za chakula cha mchana, hakuna aliyeniuliza kitu, na ndivyo nilivyojua wana adabu. Saa sita zikaachia nne. Mzee wa kanisa, watoto mapacha, mtu wa koti, mtu wa koti. Saa nane zikaachia mbili. Moja ngozi yake ilikuwa imetoka yote, hakuna mtu, na Kwamboka aliiona akaweka kisu chini. Nikamwonyesha kwenye mwanga kwamba kwenye kona kumebaki kiatu cha mwanamume. Si yeye. Akaendelea kumenya.

Ya mwisho nikaishika kwa kucha nikainua kwenye mwanga. Migomba. Mtoto mnene. Mkono.

Sikuangalia zaidi. Nikampa Moraa aikaushe kivulini, akailaza juu ya kioo cha tableti kilichowaka cheupe, akaipiga kwa simu, akabonyeza pale anapobonyeza, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe nyeusi. Akampa Kwamboka simu.

Kwamboka alianza na mkono. Aliweka kidole chake juu ya ule mkono anaoujua, akaufuata kwenda juu kwenye kifundo, kiwiko chenye matope, bega, mshipi wa kikapu. Akasimama hapo. Kisha akapanda mpaka usoni.

Mama yake alikuwa anacheka. Hakutabasamu, alicheka: mdomo wazi, ufizi wote nje, mwanya wa katikati, kichwa kimerudi nyuma na kimetikisika kidogo kwenye picha. Na mikwaruzo ya unga wa Tabaka imeshuka juu yake yote kama mvua ya Aprili, na yeye anacheka tu ndani yake. Nikakumbuka Mzee Nyakundi alikasirika siku hiyo. Siku zile hakuna aliyecheka mbele ya kamera, watu walisimama kama wako mbele ya hakimu. Alisema ni vizuri huyu mama anakatwa, ameharibu.

Na aliyemchekesha ni mimi. Ilikuwa kazi yangu kusimama nyuma ya kamera nikilia kama kuku aliyetaga, ili mtoto aangalie mbele. Mtoto aliangalia. Mama ndiye aliyekufa kwa kicheko.

Kwamboka akageuka kwa binti yake. Huyu msichana, niliambiwa, amefukuzwa kanisani mara mbili kwa sababu ya kicheko. Mama yake amemkemea miaka yote, funga mdomo, sijui hicho kicheko umekitoa wapi, kwetu hakuna mtu anacheka hivyo.

Akamwambia, "Kerubo, cheka."

Msichana akatazama chini. Nani anaweza kucheka akiamriwa, na mama yake machozi yamemjaa hivyo?

Basi mimi, na magoti yangu haya, na umri wangu huu, nikasimama nyuma ya simu ya Moraa, nikakunja mikono makwapani, nikalia kama kuku aliyetaga. Kwa sauti yote. Mbwa wa jirani akabweka. Kerubo akanitazama sekunde moja, kichwa kikarudi nyuma, mdomo ukafunguka, ufizi wote nje, na ule mwanya wa katikati.

Kwamboka akatazama simu, akatazama mtoto, akatazama simu.

Akasema, "Omong'ina, rudia."

Nikarudia.